Kunguru wa Malindi na Chakula Tunachomwachia

Wazee wetu, wenyeviti wa mitaa, akina mama wa sokoni, wavuvi, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma: asalaam aleikum, na ahsanteni kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nizungumzie ndege waharibifu wa mijini na namna ya kuwadhibiti, na kwa kuwa tuko Malindi sina haja ya kutafuta mfano mbali. Nitazungumza juu ya kunguru.

Ninayemkusudia ni yule mweusi mwenye kijivu shingoni na kifuani. Kunguru wetu wa asili ni mkubwa kuliko huyu, naye ana weupe safi shingoni na kifuani; nawasihi mjifunze kuwatofautisha kabla hamjainua mkono, kwa sababu huyo wa asili amekwisha kusukumwa pembeni na mgeni, na lingekuwa jambo la kusikitisha tukimmalizia sisi wenyewe. Huyu wa kijivu, ambaye wataalamu humwita Corvus splendens, asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja ili asaidie kula taka za mji. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa, na kutoka hapo akapanda pwani hii mji baada ya mji hadi kutufikia. Ndege huyu, basi, aliletwa kwa sababu ya taka, na hadi leo ni taka zinazomweka. Hajulikani kuishi popote duniani mbali na makazi ya watu.

Tazameni ufukweni mashua zinapoingia asubuhi. Mchuuzi anachutama, anapasua changu, anavuta matumbo na matamvua, kisha anayatupa mchangani kando yake. Kunguru wako hatua mbili kutoka kisuni. Wa kwanza anajaza koo lake, anaruka hadi kwenye paa la makuti, anachomeka kipande kimoja katikati ya makuti kama akiba, kisha anarudi kuchukua kingine. Haya hutendeka pia nyuma ya bucha, kwenye mapipa ya hoteli yasiyo na vifuniko, na jaani ambako mizoga na makombo hulala wazi kutwa nzima. Chakula cha namna hiyo hakina msimu wa njaa, na ndege asiyejua njaa hulea makinda wengi. Jike hutaga mayai matatu hadi matano, huyaatamia kwa muda wa siku 16 au 17, na kiota chake mtakikuta juu ya mwembe au mkwaju, kimefumwa kwa vijiti na mara nyingi kwa vipande vya waya alivyookota kwenye majengo.

Madhara yake mnayajua wenyewe: vifaranga wanaonyakuliwa uani, mayai yanayotobolewa, maembe yanayodonolewa, na kinyesi juu ya meza za wauza vyakula, nacho huweza kubeba vimelea vya magonjwa ya tumbo. Yasiyoonekana upesi ni yale yanayowapata ndege wadogo. Kwera, chozi na shorewanda wakijenga viota vyao mjini, kunguru huvipekua kimoja kimoja na kula mayai na makinda. Yeyote aliyekulia hapa na akakumbuka sauti za alfajiri za utotoni mwake anajua ni kitu gani kilichopungua. Nasi tuko jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ndege ambao ni nadra kuonekana kwingineko duniani, kwa hiyo pupa ya kunguru wetu si habari ya Malindi peke yake.

Nije kwenye sumu, maana najua ndiyo mliyokuja kuisikia. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza nia ya kuondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo, na dawa iliyotajwa ni Starlicide, iliyotengenezwa Marekani dhidi ya ndege aina ya kwezi. Huwekwa ndani ya nyama. Huharibu figo za ndege polepole, akafa saa nyingi baada ya kula, mara nyingi akiwa mbali, na hivyo wenzake hawaoni uhusiano wa kifo na mlo. Kwa ndege mwerevu kiasi hiki jambo hilo lina uzito. Tena huvunjika upesi mwilini, kiasi kwamba paka au mwewe anayekula mzoga hapati hatari kubwa. Kabla ya kuitia, nyama safi huwekwa kwa siku kadhaa mahali pale pale hadi kunguru wazoee. Dawa hii iliwahi kutumika pwani yetu, Malindi na Watamu zikiwamo, na idadi ikashuka sana. Ilipoacha kuingizwa nchini mwaka 2005, kunguru wakarudi kama walivyokuwa.

Mimi siipingi dawa hiyo ikiwa mikononi mwa waliofunzwa na wenye kibali. Ninachopinga ni kuitegemea peke yake. Mji wa Basel, Uswisi, uliua njiwa wapatao 100,000 kwa miaka mingi, na kundi likabaki pale pale karibu 20,000, kwa kuwa nafasi ya kila aliyekufa ilijazwa na kinda aliyekuta chakula tele. Kuanzia 1988 wenye mji waliwaelimisha watu waache kuwalisha njiwa, huku wakiendelea kuwapunguza kwa kiasi, na katika muda wa miaka minne hivi idadi ikashuka kwa nusu. Njiwa si kunguru, lakini hesabu ya chakula haibadiliki.

Sasa hapa kwetu. Ningeanza ufukweni na machinjioni, kabla ya majumbani, kwa sababu hapo ndipo penye protini nyingi. Kila mahali pa kuparia samaki pawe na pipa lenye kifuniko kizito, na matumbo yafukiwe au yachukuliwe siku hiyo hiyo. Jaani, taka mbichi zifunikwe kwa udongo kila jioni. Gharama yake ni kubwa, nalijua hilo, na baraza la kaunti halina budi kuitengea fungu. Mitego ya nyavu yenye kunguru hai ndani wa kuwavuta wenzake inafaa kwenye hoteli na shule, ila lazima iangaliwe kila siku, ndege wa ndani apewe maji na kivuli, na ndege wengine waachiliwe. Kuangusha kiota kitupu kunaleta faida ndogo, kwani hujenga kingine upesi. Mwenye mti asubiri mayai yatagwe.

Na siku ambazo wahudumu wa dawa watakuwa mtaani kwenu, fungieni kuku wenu bandani hadi mabaki yote ya nyama yaokotwe, kwa maana kuku hudhurika na dawa hiyo upesi kama kunguru mwenyewe.