Mstari wa nguzo: mahali pa kusimamisha lifti ya gari nyumbani

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, karibuni. Walio nyuma sogeeni, maana leo nina chaki na nitachora hapa sakafuni.

Huu ni mstari wa mita tatu na nusu, umekingama njia ya gari. Nguzo moja ya lifti inakaa mwisho huu, nyingine mwisho ule, na kila moja ina mikono miwili inayolinyanyua gari kwa chini. Jioni nzima tutazungumzia mstari huu tu: usogee mbele au urudi nyuma, na kwa sababu gani. Wengi hupima banda, wakagawa kwa mbili, wakatoboa. Katikati ya banda hakuihusu lifti hata kidogo. Lifti inalishika gari pale uzito wake unapolingana, na hapo ndipo tunapoanzia.

Tuchukue Hilux ya milango minne. Ukiipatia yenyewe nafasi, gari nyingi za mtaani zitaenea. Ina urefu wa mita 5.3, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 3.1 hivi. Ikiwa tupu, tukadirie asilimia 55 ya uzito iko mbele na 45 nyuma. Zidisha 3.1 kwa 0.45, unapata mita 1.4. Huo ni umbali wa kitovu cha uzito kutoka ekseli ya mbele. Ongeza mita moja ya pua, jumla mita 2.4 kutoka bampa. Kwa hiyo mbele ya kitovu kuna mita 2.4, nyuma yake mita 2.9. Probox ukiipigia hesabu hiyo hiyo, kitovu kinaangukia karibu mita 1.8 kutoka bampa. Basi banda lipimwe kwa pua ndefu na mkia mrefu wa gari kubwa utakalolipokea, hata kama lako ni dogo.

Kuna lifti za aina mbili. Ile ambayo nguzo zinatazamana uso kwa uso na mikono minne inalingana, kitovu cha uzito kinakaa juu ya mstari wenyewe. Hiyo inafaa pikapu na Hiace. Ya pili nguzo zimegeuzwa kwa nyuzi 30 hivi, mikono ya mbele mifupi, ya nyuma mirefu. Gari linarudi nyuma kidogo, nguzo zinaangukia karibu na bawaba za mlango wa mbele, na dereva anafungua mlango bila kuugonga. Kwa gari ndogo naipenda zaidi, ila ina sharti: gari liingie kwa pua. Ukiliingiza kinyumenyume, injini inaning'inia upande wa mikono mirefu na hesabu yote imepinduka.

Sasa tupime kutoka ukuta wa mbele. Meza ya kazi sentimita 60. Nafasi ya mtu kupita na giaboksi mkononi, sentimita 90. Pua mita 2.4. Kwa lifti ya nguzo zinazotazamana, mstari uko mita 3.9 kutoka ukutani. Kwa ile iliyogeuzwa ni kama mita 3.5. Nyuma, kwa ile ya kwanza, weka mkia wa 2.9 na nusu mita ya mlango. Jumla mita 7.3. Mwenye banda la mita 6 ahamishie meza ukuta wa pembeni, na akubali kwamba atafanya kazi mlango ukiwa wazi. Mlango wenyewe usiwe wa kupanda juu na kulala chini ya dari, kwa kuwa ndipo paa la gari linapopanda.

Upana ni rahisi. Kutoka nje ya nguzo hadi nje ya nguzo ni mita 3.4 au 3.5, na upande wenye mota na pampu acha sentimita 60 hadi ukutani. Kosa liko kwenye njia ya kuingilia. Katikati ya nguzo ifuate katikati ya geti, hata kama chumba kitabaki na upande mpana na mwembamba. Gari linaloingia kwa kona halikai sawa, mikono inafika sehemu zake upande mmoja na kupungukiwa upande wa pili, ndipo mtu anaanza kutafuta vipande vya mbao vya kujazia. Mbao juu ya pedi za lifti, yaani zile ncha za mikono zinazoligusa gari, hapana.

Urefu wa juu nao unahitaji tochi na ngazi. Usipime hadi kwenye bati, pima hadi ubao wa chini wa kenchi. Hiace ya paa la kawaida ina urefu wa karibu mita 2. Ukiishika kwenye chasisi, sentimita 35 kutoka chini, na kuipandisha mpaka pedi zifike mita 1.8, paa lake liko karibu mita 3.45. Lifti yenye daraja la juu linalounganisha nguzo yenyewe inafika mita 3.6 hadi 3.8. Faida yake ni ule mti wa kikomo unaokata umeme paa la gari likiugusa. Ya daraja la chini ni fupi, hutosha chini ya mita 3, ila haina wa kukuonya: kenchi ndiyo itakayokuambia. Na tafadhali, usikate ubao wa chini wa kenchi. Ndio unaozuia kuta zisisukumwe nje. Banda likiwa fupi, weka kikomo cha kupanda na ufanye kazi umekaa kwenye kigoda.

Nimeharakisha huko ili tubaki na muda wa sakafu, maana sakafu ndiyo inayobeba kila kitu.

Mikono inabeba gari kwa ndani, kwa hiyo kila nguzo inataka kuinamia ndani. Bolti zinazovutwa kutoka kwenye zege ni zile za upande wa ukuta. Huko huko ndiko watu wanakoishiwa na jamvi, yaani sakafu ya zege! Nguzo iliyowekwa sentimita saba kutoka ukingo wa zege itang'oa kipande chenye umbo la sahani. Acha angalau sentimita 15 kutoka bolti hadi ukingo, ufa au kiungo cha jamvi, na zaidi kama kijitabu cha lifti kinataka hivyo.

Unene unaujuaje? Toboa tundu la mm 16 pale nguzo itakaposimama. Keekee ikidondoka ghafla umefika kwenye kifusi. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje ncha kama ndoana, uutumbukize, uvute mpaka ndoana ishike tumbo la zege, kisha bana kwa kidole usawa wa sakafu na upime. Lifti nyingi za tani 4 zinadai si chini ya mm 100, nyingine mm 150, na zege lenye nguvu ya takriban megapaskali 21. Jamvi la nyumbani mara nyingi halifiki. Mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ambao fundi anaumwaga kwa mazoea unalenga megapaskali 15 tu. Tena chini ya jamvi kunaweza kuwa na shimo la gereji la zamani lililofukiwa, au karo. Uliza kabla ya kutoboa.

Jamvi likiwa dhaifu, kata mkanda mmoja wa mita 4.5 kwa 1.5, chimba sentimita 25, na nguzo zote mbili zisimame juu yake. Usichimbe chini ya msingi wa ukuta. Hiyo ni mita za ujazo 1.7: kwa 1:1.5:3 ni mifuko 14 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.7, kokoto 1.4. Nondo za mm 12 kila sentimita 20 pande zote mbili, zikae juu ya biskuti za zege sentimita 5 kutoka chini, ili keekee isikutane nazo. Maji yawe machache. Zege linalotiririka kama uji linapendeza kumwaga na linapoteza nguvu. Funika magunia, yalowe siku 7, na bolti zisubiri siku 28.

Kutoboa: keekee iwe na kipenyo kile kile cha bolti. Safisha tundu kwa brashi kisha pulizia. Vumbi likibaki, bolti ya kupanuka inashika unga badala ya zege. Kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha kijitabu, ambacho mara nyingi kiko kati ya Nm 110 na 200. Bolti ikizunguka bila kukaza, washa kubwa haisaidii kitu. Zege limekataa. Simamisha nguzo kwa timazi, ujazie vipande vya chuma chini ya kitako, visizidi mm 13. Sakafu ikihitaji zaidi ya hapo, isawazishwe. Pima mishazari miwili kati ya vitako: ikitofautiana zaidi ya mm 5, mraba umepinda.

Umeme kwa ufupi. Mota ya fezi moja ya kilowati 2.2 inakula kama ampia 14 ikikimbia, na kuwaka kwake ni mara kadhaa ya hapo. Soketi ya ampia 13 haiifai. Vuta waya wake wa mm mraba 4 kutoka kwenye bodi, breka ya ampia 25 aina ya C, inayovumilia mkupuo huo wa kuwaka.

Siku ya kwanza, pandisha gari dogo sentimita 30, ulisukume kwa mkono mbele na nyuma, uangalie pedi. Likitulia, endelea mpaka ndoano za usalama, zile zinazoizuia mikono isishuke, zilie pande zote mbili kwa pamoja, kisha lishushe likae juu ya ndoano. Baada ya kupanda na kushuka mara chache, rudia spana ya torki kwenye kila bolti, ukianza na zile za upande wa ukuta.