Mlango wa Gereji Uliachwa Wazi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja, hasa nyie wa viti vya nyuma mliokuja mkidhani kuna onyesho. Hakuna onyesho leo. Kuna maneno, na kuna kiatu kimoja kwenye mfuko huu, nitakitoa wakati wake ukifika.

Nimeombwa nizungumzie historia ya kundi moja kubwa la baleti. Ningeweza kuwachukua Paris au Moscow, tukaongea habari za wafalme na makaisari mpaka adhana ya magharibi. Nimechagua kundi lililoanzia gereji: Dance Theatre of Harlem, la New York.

Kundi la baleti kwa kawaida huanza na wachezaji waliokwisha iva na tajiri wa kuwalipa. Shule hufuata, ili wapatikane warithi. Hili la Harlem lilianzia mwisho. Watoto walikuja kwanza, kundi likatoka kwao. Naomba hilo mlishike, maana tutalihitaji tukifika mwaka 2004.

Mwenye kundi ni Arthur Mitchell, mzaliwa wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, 1934. Baba yake alifungwa jela, na kijana akiwa na miaka 12 tu akawa anatafuta vibarua ili nyumbani wale. Akapata shule ya sekondari ya sanaa za maonyesho, kisha akasomeshwa bure katika shule ya George Balanchine, yule mtunzi wa dansi aliyetoka Urusi. Mwaka 1955 akaingia New York City Ballet. Kwa wakati ule, kijana mweusi kuingia kundi la hadhi ile ilikuwa habari ya kuandikwa gazetini.

Mwaka 1957 Balanchine akatunga Agon, kwa muziki wa Stravinsky, na ndani yake akaweka dansi ya watu wawili: Mitchell na Diana Adams, mwanamke wa Kizungu. Hakuna mapambo, hakuna mabawa wala mataji. Wamevaa nguo za mazoezi, nyeusi na nyeupe. Mikono yao inasukana kama ukili, anamgeuza, anamkunja, anamshika asianguke. Sasa kumbukeni ni mwaka gani huo. Ni mwaka ambao serikali ya Marekani ililazimika kupeleka wanajeshi Little Rock, Arkansas, kuwasindikiza watoto weusi tisa tu ili waweze kuingia darasani. Ukumbini New York watu walipiga makofi. Televisheni ndiyo iliyogoma: ilimpasa Mitchell angoje mpaka 1968 ndipo dansi ile ionyeshwe kwa nchi nzima.

Mwaka huohuo wa 1968, tarehe 4 Aprili, Martin Luther King akauawa. Mitchell alikuwa na kazi Brazil, akisaidia kuanzisha kundi la taifa la baleti, na habari zilimkuta akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Akajiuliza kwa nini anavuka bahari kwenda kujenga kwa wengine, na kwao Harlem hakuna kitu. Akarudi mtaani.

Hapo ndipo gereji inapoingia. Alianza na watoto 30 hivi. Kiangazi cha New York ni joto la kukaba, si joto letu hili lenye upepo wa bahari, kwa hiyo mlango mkubwa wa gereji ukaachwa wazi. Watoto wa mtaani wakapita, wakachungulia, wakacheka, kesho yake wakarudi na wadogo zao. Ndani ya miezi michache walikuwa 400. Vijana wa kiume walikataa katakata kuvaa taiti. Nani angetaka kuonekana na wenzake akiwa hivyo? Mitchell akawaruhusu wavae jinzi zilizokatwa magotini, akaleta na wapiga ngoma wapige darasani. Mimi napenda sana kisa hiki, kwa sababu alilegeza suruali bila kulegeza kazi. Mguu ulinyooshwa vilevile, goti lilifunguliwa vilevile, aliyechelewa alijua amechelewa.

Pamoja naye alikuwa Karel Shook, mwalimu wake wa zamani, Mzungu, aliyeacha kazi yake na kundi la taifa la Uholanzi akaja Harlem. Mwaka 1969 wakaanzisha shule na kundi kwa jina hilo tulilolitaja. Mitchell alitia akiba yake mwenyewe, dola 25,000, na taasisi ya Ford ikaongeza. Januari 1971 wakajitokeza rasmi mbele ya watu, katika jumba la makumbusho la Guggenheim. Makao yao yakawa mtaa wa 152, katika jengo ambalo nalo, mtacheka, lilikuwa gereji.

Sasa kiatu.

Hiki ndicho kiatu cha kusimamia ncha ya vidole. Gonga hapa mbele: ko, ko, ko. Si mbao, ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, juu yake satini. Rangi yake ni waridi iliyopauka. Kwa nini waridi? Kwa sababu waliokianzisha Ulaya ngozi zao zilikaribia rangi hiyo. Kiatu na taiti vikifanana na mwili, jicho la mtazamaji linateremka kutoka nyonga mpaka ncha ya kidole bila kukwama popote. Mstari huo ndio roho ya baleti. Mvishe msichana mweusi taiti za waridi uone: mikono na uso vina rangi moja, miguu ina rangi nyingine. Mstari umekatwa kiunoni, kama mtu aliyeunganishwa na miguu ya mwenzake.

Mcheza dansi mmoja wa Harlem, Llanchie Stevenson, ndiye anayetajwa kulianzisha wazo hilo miaka ya mwanzo ya 1970: tuvae rangi zetu. Mitchell akalikubali likawa sheria ya kundi. Na si kahawia moja kwa wote, hapana. Kila mchezaji alitafutiwa rangi yake, taiti zikatiwa rangi, viatu vikapakwa mpaka vifanane na ngozi ya mwenye navyo.

Nimewahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, kwa mwanafunzi wangu mmoja. Unachukua sponji na faundesheni ileile ya usoni, unagonga kidogokidogo. Satini inakunywa kama udongo mkavu. Mkono wa kwanza unatoka mabaka, wa pili unaanza kushika, kisha unageukia utepe, unagundua utepe nao una pande mbili. Tulimaliza jozi moja karibu saa mbili usiku, vidole vyangu vikiwa rangi ya mtoto wa watu. Na jozi moja kwa mchezaji wa ngazi ya juu inaweza kuchakaa kwa onyesho moja tu. Hesabuni wenyewe faundesheni hiyo. Kampuni ya Freed ya London, inayoshona viatu hivi tangu 1929, ilitoa viatu vya rangi ya kahawia mwaka 2018, ikishirikiana na Ballet Black, kundi la baleti la wachezaji weusi la hukohuko London. Elfu mbili na kumi na nane!

Basi kipitisheni. Nusu nimekipaka, nusu nimekiacha.

Kundi lilipokomaa likaanza kuvishika hata vile vilivyohesabiwa kuwa mali ya Ulaya. Giselle ni baleti ya Paris ya 1841: binti wa kijijini anadanganywa na mwana wa mabwana. Mwaka 1984, London, Harlem wakaicheza ikiwa Louisiana, miaka hiyohiyo ya 1840, katikati ya watu weusi waliokuwa huru. Hatua ni zilezile, muziki uleule. Kilichobadilika ni kipimo cha ukubwa: badala ya cheo cha baba, familia zinapimwa kwa vizazi vilivyopita tangu zitoke utumwani. Aliyecheza Giselle ni Virginia Johnson, aliyekuwamo tangu siku za mwanzo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote, kuliko hata safari ya Urusi ya Kisovieti ya 1988 au ile ya Johannesburg ya 1992, ambazo waandishi hupenda zaidi kuzitaja.

Fedha, hata hivyo, hazikuwahi kutulia. Mwaka 2004 deni lilipita dola milioni 2, na wachezaji 44 wakaambiwa kazi imesimama. Shule nayo ikafungwa, lakini kwa muda mfupi tu, ikafunguliwa tena. Kwa miaka minane mtaa wa 152 ukawa na watoto wanaojifunza baleti bila kundi kubwa la kulitazamia. Kundi lililojengwa juu ya nyota wachache lingezikwa palepale. Hili lilikuwa na mizizi chini, kwa watoto.

Mitchell akamwita Virginia Johnson, ambaye alikuwa ameshaacha jukwaa na kuhariri jarida la wacheza baleti. Johnson akalifufua kundi mwaka 2012, likiwa na wachezaji 18. Mwaka 2023 akamkabidhi Robert Garland, naye ni mchezaji wao wa zamani.

Mitchell aliwahi kurudi. Mwaka 2018 aliingia studio kuwafundisha vijana kazi yake ya mwaka 1971, Tones, aliyoitengeneza upya. Alikuwa na miaka 84, amekaa kitini, na mbele yake wapo wachezaji ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotungwa, wamevaa taiti za rangi zao. Ikachezwa Aprili. Septemba akafariki.

Kiatu kimefika wapi? Haya, kikifika kwako ndipo uulize swali.