Piga Picha kwa Lami, Bila Kamera

Karibuni tena. Ukitaja lami, wengi wanafikiria barabara. Leo tunaitumia kupigia picha, kama alivyofanya Mfaransa Nicéphore Niépce miaka ya 1820.

Tazama hapa mkononi. Hii ni lami ya asili, imechimbwa ardhini ikiwa hivi hivi, haikupitia kiwanda cha kusafisha mafuta. Inang'aa kama kioo cheusi, na ukiigonga inapasuka. Wairaki wa kale walizibia mashua kwa lami ya namna hii. Sisi tunataka sifa yake nyingine: ikikaa juani inakuwa sugu, haiyeyuki kirahisi tena.

Fanyia kazi nje, vaa glovu, na pasiwe na moto karibu.

Twanga kipande mpaka kiwe unga laini. Mimina mafuta ya lavenda kwenye chupa, tia unga kidogo kidogo huku ukitikisa, kisha chuja kwa kitambaa.

Sasa chukua bamba la chuma lililosuguliwa likang'aa. Ingia ndani kwenye giza, mimina lami, inamisha bamba huku na huku ienee. Hapa ndipo penye kazi. Utando uwe mwembamba, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, chuma kionekane chini yake. Bamba langu la kwanza nililipaka likawa jeusi tii. Mwanga haukufika chini, na nilipoliosha picha yote ilibanduka. Iliniuma, maana lami hii haipatikani kila duka.

Likikauka, laza juu yake jani changa la mpapai, funika kwa kioo, bana pembeni. Anika kwenye jua kali kwa muda wa saa nne au tano. Usilisogeze jani hata kidogo.

Kuosha: sehemu 1 ya mafuta ya lavenda kwa sehemu 10 za mafuta ya taa. Niépce mwenyewe alitumia kipimo hicho, ila yeye kwa mafuta meupe ya petroliamu. Mwaga taratibu juu ya bamba. Ona! Palipofunikwa na jani lami inaondoka, chuma kinatokeza cheupe. Vidole vya jani vinajitokeza kimoja kimoja. Palipopigwa jua inabaki imeng'ang'ania.

Suuza kwa maji polepole, kisha simamisha bamba likauke lenyewe. Usilifute kwa kitambaa, utando bado ni laini.