Tagi yako inaning'inia kwenye nini?

Wa nyuma sogeeni basi, viti vipo huku, afu nitapitisha vitu vya kushika mkononi, ukikaa mbali hutapata kitu.

Nimeombwa niongelee tagi, kile kikadi kinachoning'inia kwenye gauni au mkoba dukani, na najua wengi mmekuja mnataka niwatajie karatasi nzuri ni ipi. Haipo. Mteja akifika kaunta akasema nataka karatasi nzuri, mi namuuliza unauza nini, wengine wanakasirika wanaona nawachunguza biashara zao.

Niwape kisa changu mwenyewe. Kuna dada anauza vikoi na nguo za ufukweni, alikuja na nembo ya rangi ya chungwa inayoyeyukia kwenye pinki, imependeza kweli, akataka iprintiwe kwenye kaki, ile ya bahasha, kwa sababu inaonekana ya asili asili hivi. Nikasema sawa, nikapiga tagi 500 bila kutoa hata moja ya kujaribu. Zikatoka tope. Printa zetu nyingi hizi hazina wino mweupe, ule weupe unaouona ni karatasi yenyewe inaonekana, na wino unapitisha mwanga, sasa ukiweka njano juu ya kaki hupati njano, unapata kaki iliyougua. Hela nilirudisha, tagi zikabaki kwangu, mpaka leo naandikia hesabu nyuma yake. Kaki inataka nyeusi, basi, mistari minene isiyo na mbwembwe, hapo inatoka safi kuliko hata kadi nyeupe.

Haya, gramu. Mtu anakwambia hii ni 300, gramu 300 za nini? Ni uzito wa meta mraba moja ya hiyo karatasi. A4 kumi na sita ndo zinatosha meta mraba, kwa hiyo ile ya fotokopi ya 80, karatasi moja ina gramu 5 tu, ukitengenezea tagi inajikunja ikiguswa na feni. Mi nguo sishuki chini ya 250, na 300 au 350 ndo inasimama vizuri. Lakini uzito sio unene jamani! Shika hizi mbili, zote 300, hii inayong'aa imegandamizwa kiwandani ndo maana nyembamba, hii kavu imejaa mkononi. Ukiagiza kwa simu kwa kutaja namba tu utaletewa usichokitarajia.

Sasa hapa kwetu pwani kuna unyevu, na watu wanapenda kulamineti, yaani kufunika tagi kwa nailoni, upande mmoja ili kuokoa hela. Upande ulio wazi unanyonya unyevu unatanuka, ule wenye nailoni hautanuki, tagi inajikunja kama jani la mgomba kavu. Laminisha pande zote au acha kabisa. Na kabla hujalaminisha jiulize bei utaandikia wapi, maana peni ya kawaida juu ya nailoni haishiki, ukipitisha kidole 25,000 yote imehamia kidoleni.

Wa sabuni mpo? Sabuni ya mnazi ambayo haijakauka sawasawa inatoa mafuta, karatasi kavu inayanywa, unakuta tagi ina doa kama ya vitumbua. Nyie ndo laminisheni, au tagi iguse kifungashio, isiguse sabuni. Hiyohiyo na wa viatu vya ngozi vilivyopakwa mafuta. Wa batiki shida yenu ni nyingine, kitambaa hakijakauka vizuri au hakijasuuzwa kikaisha, rangi inahamia kwenye tagi nyeupe, hapo mteja anajua kabla hajafua kwamba nguo itachuja, hehe, tagi imekusemea.

Bakodi fupi tu. Mwenye namba zake zinazoanza na 620 kutoka GS1 Tanzania, wale wanaotoa namba za bakodi, mistari iwe nyeusi juu ya nyeupe. Kuna aliyeifanya nyekundu ifanane na nembo, mashine nyingi za kusomea zinatumia mwanga mwekundu, hazioni kitu.

Kabla hujalipia, omba moja ya kujaribu. Tagi ya sentimita 9 kwa 5 zinaingia 21 kwenye A3 moja ukiacha na nafasi ya kukatia, kwa hiyo A3 moja tu inakutosha kujaribu kila kitu. Ifunge kwenye bidhaa yenyewe, iache siku tatu, lowesha kidole uiguse, iandikie bei. Ya wino wa maji itachuja, ya leza haitachuja ila ukiikunja inapasuka rangi kwenye kunjo, hiyo mwambie fundi aiminyie kwanza mstari wa kukunjia.

Mama mwenye kilemba cha kijani ulinyoosha mkono, kamba? Uzi wa pamba kwa nguo laini, katani ina miba inavuta nyuzi za hariri. Mkoba wa ukili ndo uwekee katani, zinajuana.