Kufundisha wenzo darasa la awali: ubao, gogo na mfuko wa mchanga

Karibu mwalimu mwenzangu, karibu nawe mzazi. Leo tunawafundisha watoto wa miaka 4 mpaka 6 mashine rahisi. Tunaanza na wenzo, yaani ubao au mti unaolazwa juu ya kitu ili kunyanyulia mzigo, kwa sababu mtoto huuhisi mikononi kabla hajaujua kwa jina.

Vifaa ni hivi hapa: ubao imara wa sentimita 120, kipande cha gogo kilichopasuliwa katikati, kimo sentimita 10, na mfuko wa mchanga wa kilo 4. Gongelea kijiti kwenye ncha ya ubao ili mfuko usiteleze, kisha upige msasa, vibanzi visije vikawachoma.

Kwanza, kila mtoto aunyanyue mfuko kwa mikono. Hatua hii usiiruke. Asipouonja uzito, hatakuwa na cha kulinganisha.

Sasa laza gogo, upande bapa chini, sentimita 30 kutoka kwenye mfuko, ubao uwe juu yake. Wengine warudi nyuma ya mstari wa chaki. Vidole na miguu visikae chini ya ubao. Mwite mmoja akandamize ncha ya pili, polepole. Tazama: mkono umeshuka karibu sentimita 40, mfuko umepanda kama 13 tu. Nguvu aliyotumia haizidi theluthi ya uzito wa mfuko. Akishusha, asiachie ghafla.

Sogeza gogo katikati, rudieni. Kisha lilete upande wa mtoto, sentimita 30 kutoka mikononi mwake. Hapa atakandamiza mpaka avimbe mashavu na mfuko usinyanyuke, maana anadaiwa nguvu zaidi ya mara 3 ya uzito ule. Muulize: "Tuliweke wapi gogo iwe rahisi?" Halafu nyamaza. Kimya hicho ni kigumu kwa sisi walimu, lakini ndicho somo lenyewe. Mwache asogeze, akosee, asogeze tena.

Akipata, ndipo utaje majina: ubao ni wenzo, gogo ni egemeo. Mawili yanatosha. Aina za wenzo, yaani wenzo wa daraja la kwanza, la pili na la tatu, watazikuta shule ya msingi.

Muda ukibaki, egemeza ubao huohuo kwenye ngazi ya mlango, funga mfuko kamba, wauvute kupanda. Huo ni mteremko. Waliowahi kuona mafundi wakipandisha toroli watakueleza wenyewe.

Video ijayo ni kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba ya kuvutia mzigo. Tafuta kamba laini ya mita 3 na ndoo ndogo.