Gari inayozima njiani ipime ikiwa imezima, sio ikishapona

Mwangaluka wote, mliokaa kivulini na nyie mliobaki juani huko nyuma, sogeeni bana, mwembe huu ni wa wote. Nimeambiwa niongee nusu saa kuhusu gari ya petroli inayozima yenyewe ukiwa unaendesha, na mi sio mwalimu, mi ni fundi, nikikaa muda mrefu bila spana mkononi mikono inaniwasha, kwa hiyo mnivumilie.

Kilichofanya nikubali kuja ni hiki. Kila wiki hapa Tabora napokea gari zinazozima njiani, na karibu zote zinafika gereji zikiwa nzima. Unakuta dereva anashuka anasema fundi hii gari imenizimia mara tatu, na injini hapo inaunguruma vizuri tu. Ni kama yule mtoto analia usiku kucha, ukimfikisha hospitali anaanza kumchekea daktari. Sasa unataka nipime nini hapo? Nitaanza kubahatisha, nabadilisha plagi, nabadilisha filta, nabadilisha pampu, we unalipa, afu wiki ijayo unazimikiwa palepale. Mtu pekee aliyeuona ugonjwa ni wewe dereva, na zile dakika 20 ulizokaa kando ya barabara unapiga simu na kulaani ndo dakika pekee ambazo gari ilikuwa tayari kusema inaumwa wapi.

Kwanza usalama, nalipitisha haraka. Injini ikizima gari bado inatembea, usipaniki. Usukani unakuwa mzito lakini unakata, breki nayo ina akiba, unaweza kukanyaga mara mbili tatu ikashika vizuri, baada ya hapo inakuwa ngumu kama jiwe, kwa hiyo usikanyage na kuachia achia, kanyaga moja ya kueleweka. Weka hazadi, nyutro, sogea pembeni. Na wala usichomoe ufunguo gari ikiwa bado inatembea, usukani unajifunga huo. Ukishasimama weka triango, kama huna kata matawi kama tunavyofanya siku zote, lakini ukiondoka yaondoe jamani, sio unaacha porini watu wa usiku wanakwepa majani wanaingia mtaroni.

Haya. Sasa imezimaje? Hilo ndo swali langu la kwanza na watu wananijibu "imezima tu". Hapana, gari hazizimi tu. Kuna inayokohoa kwanza, inavutavuta, unakanyaga mafuta haiendi, afu ndo inakata. Hiyo mara nyingi ni njaa ya mafuta. Kuna inayokata pa! kama mtu kazima taa ya chumbani, haikohoi wala nini, hiyo mara nyingi ni umeme. Na kwenye hiyo ya umeme angalia dashibodi, kama taa zote na redio vimekufa kwa pamoja basi ni teminali za betri, waya wa bodi, au swichi ya ufunguo imechoka. Msicheke, kuna watu hapa mna ufunguo wa gari umefungwa na funguo za nyumba, za duka, za kwa shemeji, na opena ya soda, unaning'inia nusu kilo kwenye swichi na barabara ina mashimo. Marekani mwaka 2014 kampuni ya magari ya GM ilirudisha magari kama milioni 2.6 kwa ajili ya swichi ya ufunguo tu, ilikuwa legevu inarudi yenyewe kwenye kuzima, injini inakata na erbegi hazifanyi kazi, na watu walikufa. Kwa hiyo huo mzigo wa funguo upunguzeni leo leo.

Ile inayozima ukiachia mafuta tu, unakaribia makutano unaachia pedali inakata, ukiwasha inawaka hapohapo, hiyo haina makuu. Throtoo bodi, yaani mlango wa hewa ya injini, imejaa masizi au kile kifaa cha kushika sailensa, yaani mngurumo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, kimekwama, wakati mwingine mpira wa vakyumu umepasuka unavuta hewa. Inasafishwa, inapona.

Na kama taa ya betri iliwaka kabla haijazima, taa za mbele zikafifia, hiyo alteneta imeacha kuchaji. Injini ikiwa inaunguruma betri isome kama volti 13.8 mpaka 14.5, ikisoma 12 na inashuka ujue unatembelea akiba.

Iliyonileta hapa hasa ni ile inayozima ikishatembea nusu saa au saa, unapumzika dakika 20, inawaka kama haijawahi kuumwa, unatembea tena, inazima tena. Hii imetia watu umaskini. Shida ni kwamba kuna magonjwa zaidi ya matatu yanafanya hivyohivyo na yote yanapona kwa kupumzika. Sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka, ikipata joto inakatika ndani, ikipoa inaungana. Koili, inayopeleka moto kwenye plagi, ni hivyohivyo. Pampu ya mafuta iliyochoka ikipata joto inagoma, na sie wa kutembea na mafuta ya elfu tano ndo tunaiua, maana ile pampu imo ndani ya tenki na inapozwa na mafuta hayohayo. Rilei, kale kaswichi kanakopitisha umeme, yenye lehemu iliyopasuka nayo hivyohivyo.

Na kuna la tano ambalo lilinitia aibu mimi mwenyewe. Kaka mmoja wa Isevya alikuwa na gari inazima kila akienda Sikonge, kama kilomita 70 hivi, hafiki. Mi kwa ujuaji wangu nikabadilisha pampu. Ikazima. Nikabadilisha sensa ya krenki. Ikazima. Hela yake imeisha na uso wangu umeisha. Safari ya tatu nikapanda naye, imezima katikati ya miombo, jua kali, nikasema ngoja nianze na kitu cha bure, nikafungua mfuniko wa tenki. Fyuuu! Tenki ikavuta pumzi ndefu kama mtu katolewa majini. Nikapiga stata, ikawaka palepale. Nyigu, wale wajenzi wa udongo, alikuwa ameziba kipaipu cha kupumulia tenki, kajenga chumba kabisa na watoto ndani. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, mwisho pampu inashindwa kuvuta. Ukikaa dakika 20 hewa inajipenyeza kidogo kidogo, inawaka tena. Pampu yake ya zamani ilikuwa nzima, nikamrudishia na hela ya ufundi nikaikata yote, tukaelewana.

Kwa hiyo ikizima, kabla hujampigia mtu simu na kabla haijapoa, mfuniko wa tenki kwanza. Ikivuta hewa kwa nguvu na ikawaka hapohapo, umemaliza.

Isipovuta, weka ufunguo ON usipige stata. Taa ya cheki injini inatakiwa iwake. Isipowaka kompyuta haipati umeme, hapo ni fyuzi au rilei kuu, usihangaike na pampu. Ikiwaka, mwambie mwenzio apige stata we weka sikio kwenye tenki, zipo gari pampu inalia ukiweka ON tu na zipo zinangoja stata, ndo maana nataka watu wawili. Kimya? Gonga chini ya tenki na ngumi au kipande cha mti huku stata inapigwa. Ikiwaka, pampu ndo inaaga dunia hiyo, geuza urudi mjini usiendelee na safari. Pampu inalia vizuri ila haiwaki? Angalia mshale wa rpm, ule wa mizunguko ya injini, wakati wa kupiga stata. Unatakiwa uinuke kidogo, kama 200 hivi. Ukilala sifuri na injini inazunguka, sensa ya krenki inaanza kunukia, na ukiimwagia maji kidogo ikapoa halafu gari ikawaka, hiyo ni kama imekiri yenyewe. Ila zipo gari mshale wake hauinuki hata zikiwa nzima, kwa hiyo chungulia wa kwako leo ukiwasha, ujue tabia yake.

Swali la mama pale, eti si inapimwa tu na kompyuta? Inapimwa mama, na ni vizuri, ikisoma kodi ya kosa P0335 tunajua pa kuanzia, ni upande wa sensa ya krenki. Lakini kompyuta inasoma waya na sensa, haina namna ya kumwona nyigu. Na sensa inayogoma ikipata joto inaweza kukata na kurudi bila kuacha kodi yoyote.

Na mzee kauliza mafuta ya chupa. Mzee wangu, huko ndani Kaliua au Uvinza ikikuishia utanunua tu, utafanyaje, lakini chuja na kitambaa, acha itulie dakika chache, usimimine ile ya chini kabisa, ndo maji yalipo. Za dizeli tutaziongelea siku nyingine, ile ni hewa kwenye mipira na filta, ni habari yake.

Haya, kuna mtu kasema amekuja na Noah imezima mara mbili kutoka Urambo mpaka hapa na sasa hivi imekata tena hapo getini. Safi kabisa, ndo nilikuwa naitafuta hiyo. Usiiwashe. Nyie wa nyuma njooni mbele, na wewe mwenye gari, huo mfuniko wa tenki usiuguse mpaka tuwe kimya wote tusikilize.