Mama Asiyeulizwa: Tishu za Kijusi na Utafiti wa Tiba
(Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya wakunga, maustadhi na vijana)

Assalaam alaykum. Masheikh wetu, mama zangu wakunga, na nyinyi vijana mliokosa viti mkakaa ngazini, karibuni.

Swali lililonifikia kwa simu kabla sijafika hapa ni hili: "Mwalimu, ni kweli ndani ya chanjo mna vitoto vilivyotolewa?"

Hamna. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewakwepa, maana maneno hayo yana asili yake. Mwaka 1962 mtafiti Leonard Hayflick, wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Marekani, alipata mapafu ya kijusi, yaani mtoto aliye bado tumboni, kutoka Sweden. Mimba ile ilitolewa kwa mujibu wa sheria za huko. Kwenye mapafu hayo akaotesha seli zinazoitwa WI-38, akazigandisha vichupani. Zinaendelezwa kama maziwa ya mgando: kijiko cha leo ndicho kinachoanzisha bakuli la kesho, hivyo hapahitajiki kijusi kipya. Ndani ya seli hizo daktari Stanley Plotkin, wa taasisi hiyohiyo, alikuza kirusi cha chanjo ya rubela. Chanjo ya surua na rubela mnayowachoma watoto wa miezi 9, iliyoingia Kenya mwaka 2016, imetokana na kirusi hichohicho. Virusi huvunwa na kusafishwa. Kinachoweza kubaki ni vipande vidogo mno vya DNA, yaani chembe za urithi. Na rubela, mama zangu mnaijua: humpiga mtoto tumboni, akazaliwa kiziwi, ana mtoto wa jicho au moyo mbovu, au mimba ikatoka kabisa.

Siasa zake nitazipita mbio. Marekani mwaka 1988 serikali ya Reagan ilizuia fedha za umma kwa utafiti wa kuwapandikizia wagonjwa tishu, yaani nyama za mwili, za vijusi, Clinton akafungua 1993, Trump akabana fedha za utafiti unaotumia tishu hizo 2019, Biden akalegeza 2021. Kila rais na lake, na wagonjwa wanangoja.

Wanazuoni wametulia zaidi kuliko wanasiasa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokaa Jeddah mwaka 1990, lilikataza mimba kutolewa kwa ajili ya kupata viungo, ila likaruhusu, kwa masharti, kilichotoka chenyewe au kwa udhuru unaokubalika katika sharia ya Kiislamu. Vatican nayo mwaka 2020 iliwaambia Wakatoliki kwamba wanaweza kupokea chanjo za korona zilizopitia seli kama hizi pale ambapo hakuna nyingine.

Mimi linalonikera ni jingine. Yule mama wa Sweden hakuulizwa. Alikuja kujua baadaye sana, dunia nzima ikiwa imeshachanjwa.

Sasa njooni kwetu. Mama mimba imemtoka, ina miezi minne. Mkunga amekiweka kilichotoka kwenye beseni la chuma, amekifunika kitambaa. Nje, bibi yake anangoja na kipande cha bafta, kwa sababu kwetu huyo huoshwa, huvikwa sanda, huzikwa. Mtu akikata kipande kabla ya kumkabidhi bibi, hata kwa nia njema ya utafiti, amekata pasipo haki.

Sheria ya Marekani ya 1993 ina kitu cha kuigwa: ridhaa ya kutoa mimba itangulie, na ile ya kutoa tishu iombwe mbali, hapana malipo, wala mama hachagui nani apewe. Lakini ridhaa inataka mtu aliye huru. Machi 2022 Mahakama Kuu hapo Malindi, katika kesi ya msichana aliyekamatwa kwa tuhuma za kutoa mimba baada ya kutibiwa, ilisema kuwakamata wagonjwa na wahudumu kwa namna ile hakuna msingi wa kisheria. Fikirini: mama anayeogopa polisi atatia saini karatasi yoyote utakayomwekea mbele.

Kabla ya maswali nina ombi kwa mnaofanya kazi wodini. Fomu iwe ya Kiswahili, asomewe kwa sauti na mtu asiyemtibu, tena damu ikiwa imekwisha tulia. Na saini ya mume pekee isikubaliwe. Haya, mama pale nyuma, umeinua mkono muda mrefu.